Michoro ya Malkia na Suala la Faragha

Mwizi akichukua mbuzi, zizi hupungua mbuzi mmoja, na mwenye mali huweza kuonyesha kamba iliyobaki. Walakini iko dhuluma isiyopunguza kitu. Mwenye kitu hukikuta mahali pake, kizima, kama alivyokiacha. Na hata hivyo huona moyoni mwake kuwa ameibiwa. Ameibiwa nini? Swali hili lilifikishwa mbele ya mahakama ya Uingereza katika karne ya kumi na tisa, tena na mdai ambaye haikutazamiwa kwamba angehitaji msaada wa mahakama: mume wa Malkia. Mali iliyogombewa haikuwa johari wala ardhi. Ilikuwa michoro ya watoto na mbwa.

Malkia Victoria na Mwanamfalme Albert wa Saxe-Coburg na Gotha walioana tarehe 10 Februari, 1840, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 20. Mwaka huo huo wakaanza kujifunza sanaa ya kuchora juu ya bamba la shaba. Mwalimu wao alikuwa mchoraji George Hayter, na Edwin Landseer, aliyesifika kwa picha za wanyama, aliwapa msaada wake pia. Walichora kwa ajili ya kujiburudisha, katika saa zilizosalia baada ya barua za mawaziri na wageni wa baraza. Wakaiga picha za mafundi wa zamani. Wakachora binti yao wa kwanza, aliyezaliwa Novemba mwaka 1840, na ndugu yake aliyemfuata mwaka 1841. Wakachora mbwa wao Islay, na Eos, mbwa wa mbio aliyekuwa kipenzi cha Albert. Baadhi ya michoro ni mizuri. Mingine ni ya mkono wa mwanafunzi, na haina haja ya kusifiwa kwa sababu tu aliyeichora alivaa taji.

Kazi yenyewe yapasa ielezwe, maana hoja iliyomo katika kisa hiki imejificha ndani ya ufundi wake. Bamba la shaba nyekundu husuguliwa mpaka liwe laini kama kioo, kisha hupakwa nta iliyochanganywa na ulimbo. Mchoraji hushika sindano akachora juu ya nta, si juu ya shaba. Kila ipitapo sindano, nta hutoka na shaba hubaki uchi. Ndipo bamba hutiwa katika tindikali. Tindikali haili nta, bali hula shaba pale palipo wazi, na kadiri bamba linavyokawia humo ndivyo mstari unavyozidi kina na weusi. Likiisha kuoshwa, hupakwa wino, hufutwa mpaka wino ubaki ndani ya mifereji peke yake, hufunikwa kwa karatasi yenye unyevu, na hupitishwa kwa nguvu katika mtambo. Karatasi ikiinuliwa, picha huonekana imegeuka, kulia imekuwa kushoto.

Msomaji ataona mara moja jambo la ajabu. Hii ni sanaa ya kuzidisha. Mwenye kutaka siri angechora kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi moja na kuifungia sandukuni. Lakini mwenye kuchora juu ya shaba ametengeneza kitu ambacho sifa yake kubwa ni kuzaa nakala, na ambacho ni bubu mpaka kipigwe chapa. Mchoraji asiye na mtambo wake, au asiyependa kuchafua mikono kwa wino, hana budi kumwita mtu wa pili. Victoria na Albert walipiga chapa nyingine kwa mtambo wa faragha, lakini mabamba mengine yalipelekwa kwa mpiga chapa wa mjini Windsor, Brown, naye alikuwa na mfanyakazi jina lake Middleton. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Middleton alikuwa ndiyo kata. Mbali na nakala zilizoagizwa na jumba la kifalme, alijipigia nyingine za ziada akazichukua. Mabamba yalirudi kwa wenyewe bila upungufu. Malkia aliyaweka chini ya kufuli. Nakala chache zilitundikwa katika vyumba vyake na nyingine akawapa rafiki zake. Hapana kilichopotea.

Nakala za Middleton zikaangukia mikononi mwa Jasper Tomsett Judge, mwandishi wa habari aliyekaa Windsor na kujipatia riziki kwa kuandika mambo ya jumba hilo. Mwaka 1848 yeye pamoja na William Strange, mchapishaji wa London, waliazimu kufanya maonyesho ya michoro hiyo kwa watu wote. Wakatunga orodha ya maelezo, ikiitaja michoro 63, kila mmoja pamoja na yaliyomo ndani yake, na ikaahidi kwamba atakayeinunua atapata mfano wa saini ya Malkia au ya Mwanamfalme. Oktoba mwaka huo Albert alikwenda Mahakama ya Chancery kuomba amri ya kuwazuia. Amri ilitolewa na Knight Bruce, na rufani ilipofika kwa Lord Cottenham, mkuu wa mahakama hiyo, ilithibitishwa kwa hukumu ya tarehe 8 Februari, 1849.

Ni vema utetezi wa Strange upewe nafasi yake, maana haukuwa wa kipumbavu. Alisema kuwa alidhani ridhaa imepatikana. Na alipotambua kwamba haikupatikana, aliacha mpango wa maonyesho. Alichokishikilia ni ile orodha. Orodha si picha. Haikuiga mstari hata mmoja wa sindano ya Malkia. Ilikuwa maneno tu, na maneno yalikuwa yake yeye na Judge. Je, mtu aweza kukatazwa kusema kwamba mahali fulani pana mchoro wa mtoto amelala? Kama ni kweli kwamba upo, yeye ametoa habari ya kweli, na ukweli ukisemwa si mali ya mtu.

Hapa ndipo palipo na uzito wa shauri zima, na hapa ndipo majaji walipoonyesha busara iliyopita ile ya wakati wao. Mali katika kazi isiyotolewa kwa watu, walisema, si mali katika karatasi na wino pekee. Aliyetunga kitu nyumbani kwake ana haki ya kuamua kama watu watajua kwamba kipo. Knight Bruce alitaja kwamba mtu aweza kujishughulisha faraghani na jambo lisilo na ubaya wowote, walakini likitangazwa likamharibia raha ya maisha yake au hata mafanikio yake. Lord Cottenham naye alikumbusha shauri la mwaka 1820 kuhusu picha ya Mfalme George III katika ugonjwa wake, ambapo ilisemwa kwamba kama mmoja wa matabibu wa mfalme angaliandika kila siku aliyoyaona na kuyasikia, mahakama isingalimruhusu kuyachapisha wakati mfalme yu hai. Akaongeza kuwa, kwa kuwa haki iliyovunjwa ni ya faragha, kuahirisha amri ni sawa na kuinyima. Maana kilichokwisha kuonekana hakiwezi kutoonekana tena.

Basi kueleza ni namna ya kuonyesha. Walio wepesi wa kusema kwamba wao "wamesimulia tu" wangefaa kulitafakari jambo hili. Mpita njia aliyechungulia dirishani hachukui kitu. Na akiyapeleka barazani aliyoyaona, hachukui kitu pia. Lakini aliyechunguliwa, akipita barazani kesho yake, huona katika nyuso za watu kwamba nyumba yake haina tena ukuta.

Imesemwa mara nyingi kwamba faragha ni kuwa peke yako. Kisa cha bamba la shaba chaonyesha kwamba sivyo. Victoria hakuwa peke yake alipochora. Mumewe alikaa upande mmoja na mwalimu upande mwingine. Michoro haikuwa imefichwa. Rafiki waliipokea kwa mkono wake mwenyewe. Mpiga chapa aliiona, na ilibidi aione. Kama siri ni kitu kijulikanacho na mtu mmoja, basi hapakuwa na siri, na Middleton hakuivunja. Lakini lugha ya Kiswahili ina neno lililokaribia zaidi shabaha, nalo ni amana. Kitu cha amana hutoka mikononi mwa mwenyewe, tena kwa hiari yake, kikakaa mikononi mwa mwingine, na bado ni chake. Na anayekipokea hufungwa si kwa kufuli bali kwa uaminifu wake. Faragha, kwa maana hii, si kutojulikana. Ni kujulikana na wale uliowachagua, kwa kadiri uliyoichagua. Wenye desturi ya kubisha hodi wanaifahamu maana hii bila kufunzwa: mlango aghalabu uko wazi, pazia linapepea, sauti za ndani zinasikika, wala hakuna aliyefichwa, lakini mgeni husimama akangoja neno "karibu", na asiposikia neno hilo hurudi alikotoka. Kinacholinda nyumba si ubao wa mlango.

Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza. Kwa nini mtu ataabike kulinda michoro ya kujifurahisha? Kama ni mizuri, isifiwe. Kama ni dhaifu, si aibu, kwa sababu hapana aliyedai kuwa Malkia ni fundi wa sanaa. Jibu laelekea kupatikana katika udhaifu wake wenyewe. Katika kila tendo lake la hadharani Victoria alitazamwa: alipofungua bunge, alipopita barabarani, alipovaa na alipovua maombolezo. Palipokuwa na sindano na nta tu ndipo alipoweza kukosea. Mstari uliokwenda mrama haukuandikwa magazetini. Mtu asiye na mahali pa kukosea hawezi kujifunza. Tena hawezi hata kujijua, kwa sababu ataigiza mbele ya watazamaji mpaka asahau uso wake. Mwenye kuchapisha mchoro wa mwanafunzi bila idhini ya mwanafunzi hakumwibia picha. Amemwibia daraja lake la kujifunza.

Maneno hayo yaweza kuonekana makubwa mno kwa mchezo wa mwanamke tajiri. Basi na itazamwe nyumba nyingine ya kifalme ya wakati ule ule. Unguja, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844, Salme, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Emily Ruete, alifundishwa kusoma, kwa kuwa kusoma kulihitajika kwa ajili ya Kurani. Lakini kuandika hakukufikiriwa kuwa kwamfaa mtoto wa kike. Akajifunza kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Yeye mwenyewe alilieleza jambo hili katika kumbukumbu zake zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kwa Victoria faragha ililinda starehe. Kwa Salme ililinda kukua kwenyewe, maana laiti herufi zake za kwanza zilizopinda zingaliletwa barazani zikachekwa, asingaliandika za pili. Na tazama pia kwamba alipokuwa mtu mzima alifungua mlango yeye mwenyewe, akatoa katika maisha yake aliyotaka kuyatoa. Hakuna aliyemtangulia.

Hata hivyo, kuna pingamizi moja ambalo mwenye insaf hawezi kulipita kando. Judge alikuwa mtu wa kuandika habari kwa malipo. Middleton alikuwa kibarua. Dhidi yao alisimama mume wa Malkia. Mwaka 1848 ulikuwa mwaka wa misukosuko katika Ulaya nzima. Viti vya enzi vilitikisika Paris, Vienna na Berlin, na London kwenyewe, mwezi wa Aprili, maelfu ya wafanyakazi walikusanyika kudai haki ya kupiga kura. Wangapi kati yao walikuwa na chumba cha faragha? Familia iliyolala watu wanane katika chumba kimoja haikuwa na bamba la kufungia kufuli. Na serikali iliyotenda kwa jina la Malkia huyo huyo haikuwa imebisha hodi kwa kila mtu. Mwaka 1844 ilifichuka kwamba kwa amri ya Sir James Graham, waziri wa mambo ya ndani, barua za Giuseppe Mazzini, Mtaliana mkimbizi aliyekaa London, zilikuwa zikifunguliwa posta na kusomwa kabla ya kumfikia. Bungeni kulikuwa na mabishano makali, na Thomas Carlyle aliandika katika gazeti la Times kumtetea. Barua ya mkimbizi masikini ni amana kama lilivyo bamba la Malkia. Tena pengine zaidi, maana michoro ya mbwa ikionekana haimwui mtu, na barua za wapinzani wa wafalme zikionekana zaweza kuwafikisha waliotajwa ndani yake kwenye kamba.

Je, pingamizi hili linaibatilisha hukumu ya mwaka 1849? Laelekea kufanya kinyume. Majaji hawakusema kwamba Albert ana haki kwa kuwa ni mume wa Malkia. Walimpa kile walichosema kuwa ni cha kila mtu aliyetunga kitu nyumbani mwake. Mwenye nguvu alipokwenda kudai stara kwa jina la haki ya wote, aliacha mlangoni silaha ambayo mnyonge angeweza kuiokota, na imeokotwa. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, walipoandika hoja yao mashuhuri juu ya haki ya faragha, waliegemea sana shauri hili la michoro. Afrika ya Mashariki nayo imo katika habari hii, kwa sababu sheria ya kimila ya Uingereza pamoja na kanuni za mahakama ya Chancery ziliingizwa Kenya kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti, 1897, na Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920. Na leo faragha imetajwa waziwazi katika ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kwamba Waingereza walioileta sheria hiyo waliziingia nyumba nyingi bila hodi ni kweli pia, na kweli moja haifuti nyingine.

Linalobaki ni hatari ya upande wa pili: kwamba mtawala, baada ya kupewa pazia la kufunika michoro yake, atalivuta lifunike na daftari la hazina. Hapa mpaka hauna budi kuwekwa, nao si wa vyeo bali wa matendo. Tendo linalowafunga watu wengine, kama amri, kodi, zabuni au uteuzi, ni la watu hao, na wana haki ya kuliona hata kama limefanywa chumbani usiku. Tendo lisilomfunga yeyote ni la mtendaji. Judge angaliiba hesabu za jumba la kifalme na kuonyesha ubadhirifu uliofichwa, hukumu ya maadili ingekuwa nyingine, hata kama hukumu ya mahakama isingalibadilika. Lakini aliiba mbwa aliyechorwa kwa sindano, akamwita habari.

Mpaka huo una pengo moja. Baadhi ya michoro ile ni ya watoto wachanga, na watoto hawakuulizwa neno. Mama aliyeudai ukuta wake hakufikiri kwamba mtoto ana ukuta wake pia; wala majaji hawakulifikiri. Katika siku hizi ambapo mzazi hupiga picha ya mwanawe kwa simu asubuhi na kabla ya adhuhuri imeonekana na watu asiowajua, pengo hilo limekuwa pana kuliko mlango wenyewe. Victoria angalau aliwapa nakala watu aliowafahamu kwa majina.

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya kushangaza kidogo. Mwaka 1868, miaka sita baada ya kifo cha Albert, Malkia aliyekataa watu wasisome hata orodha ya michoro yake alitoa kitabu cha kurasa kutoka katika shajara zake za Uskoti, na watu wakakinunua kwa wingi. Wako waliomwona kigeugeu. Hakuwa. Mwenye nyumba aliitika karibu, na waliongia wakaingia mpaka pale alipowaonyesha. Michoro nayo leo imo katika hazina za picha za kifalme na katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, na mtu yeyote aweza kumtazama Islay. Kila aliyeweza kumkataza amekwisha kufa.

Shajara zenyewe zilikuwa na mwisho mwingine. Victoria alipofariki dunia mwezi wa Januari mwaka 1901, aliziacha kwa binti yake wa mwisho, Beatrice, aliyezaliwa mwaka 1857, muda mrefu baada ya michoro ile ya watoto. Beatrice alizinakili kwa mkono wake, kwa miaka mingi, akiacha aliyoona kuwa hayafai kusomwa na wengine. Na kila alipomaliza sehemu, aliiharibu ile iliyoandikwa na mama yake. Mwaka 2012 shajara hizo ziliwekwa wazi kwa watu wote, na sehemu kubwa ya kinachosomwa humo ni mwandiko wa Beatrice.